Namna ya Kupiga Picha za Kipupwe cha Dodoma na Kumtumia Rafiki wa Mbali

Kuanzia Juni hadi Agosti Dodoma huwa na sura ambayo sisi tunaoishi hapa tumeizoea mno kiasi cha kutoitazama tena. Mvua zimekatika, mtama na uwele vimevunwa, mibuyu imepukutisha majani, na upepo wa kusini mashariki huvuma tangu alfajiri, hata watoto wanakwenda shule wakiwa na sweta juu ya sare na viganja wamevificha ndani ya mikono ya sweta hizo. Usiku wa Julai joto hushuka hadi nyuzi 13 hivi za Selsiasi, kiwango ambacho kwa mkazi wa Helsinki ni usiku wa kawaida wa kiangazi, lakini kwetu ni baridi ya kutafutia blanketi la pili.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye simu au kamera ambaye amepata rafiki mtandaoni, awe yuko Tanga, Lesotho au Norwe, na angependa kumwonyesha msimu huu. Ninashikilia jambo moja: rafiki wa mbali hana uhaba wa picha za simba na machweo ya jua, kwa sababu hizo zimejaa kila mahali. Anachokosa ni picha zinazomjulisha mahali unapoishi wewe, jinsi asubuhi yako ilivyo, na kwa nini leo umetoka na koti. Ushauri wote unaofuata unatoka hapo.

Mti mmoja kwa msimu mzima

Chagua mti mmoja karibu na nyumbani na uurudie. Mtu akipata simu mpya hupenda kuzunguka akipiga kila kinachopita mbele yake, na baada ya mwezi ana mamia ya picha zisizohusiana, ambazo anayezipokea hawezi kuikumbuka hata moja. Katika Kanda ya Kati mbuyu ndio unaofaa kuliko miti yote kwa kazi hii, kwa kuwa uko karibu kila upande na mabadiliko yake yanaonekana hata kwa mtu asiyejua mimea. Mwezi Juni matawi ni matupu na mabuyu yananing'inia kwa vikonyo virefu. Kuelekea mwisho wa mwaka, mara nyingi kabla mvua haijashika, majani machanga huchipua, kisha hufuata maua makubwa meupe ambayo hufunguka jioni, hutembelewa na popo usiku, na huanguka chini siku inayofuata. Anayepiga mbuyu mmoja kila wiki tangu Juni hadi Desemba anamfanya rafiki yake asubiri picha inayofuata, na kusubiri huko ndiko kunakojenga mazungumzo kuliko picha nzuri mia moja za siku moja.

Simama mahali pale pale kila mara. Weka jiwe au tumia kisiki kama alama ya miguu, shika simu kwa urefu ule ule, na usibadilishe lenzi. Washa mistari ya kugawa kioo iliyomo kwenye mipangilio ya kamera, ili upeo wa ardhi uwe katika mstari ule ule wa chini kila wiki. Picha zikipangwa mfululizo, mti utabaki umetulia na mabadiliko peke yake ndiyo yatakayoonekana.

Kuhusu mwanga, kuna jambo ambalo wapiga picha wengi wa hapa hawalizingatii. Dodoma iko nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta, na mwishoni mwa Juni jua liko juu ya Tropiki ya Kansa, nyuzi 23 na nusu kaskazini. Kwa hiyo katika kipupwe jua letu huchomoza kaskazini mashariki, hupita upande wa kaskazini wakati wa mchana bila kufika utosini, na huzama kaskazini magharibi. Upande wa kaskazini wa kila shina, kila jabali na kila nyumba ndio unaopata mwanga muda mwingi wa siku, huku ule wa kusini ukibaki kivulini. Ukitaka mbuyu mzima uonekane wazi mchana, simama kaskazini mwake, jua likiwa mgongoni kwako. Ukitaka mikunjo ya gome ijitokeze, nenda asubuhi na usimame kusini mashariki au kaskazini magharibi mwa mti, ili mwanga uupige ubavuni. Hali hii hubadilika polepole. Mapema Oktoba jua hupita utosini kabisa, na picha za adhuhuri huwa bapa, zisizo na kivuli cha maana, kwa hiyo wakati huo ni afadhali kupiga asubuhi na jioni tu.

Mwezi Julai jua huchomoza karibu saa 12:50 asubuhi na kuzama karibu saa 12:35 jioni. Nusu saa ya kwanza ya asubuhi ndiyo ninayoithamini kuliko zote. Vumbi halijapanda, kwa kuwa magari na mifugo bado ni michache barabarani, na mwanga unatambaa chini chini ukigusa kila kikonyo cha mabua yaliyobaki shambani. Jioni nayo ina uzuri wake: vumbi lililotanda angani hulifanya jua liwe jekundu na uweze kulipiga bila picha kuungua, ila rangi hiyo hudumu dakika chache tu.

Ukishazoea kupiga mti mzima, usogelee. Gome la mbuyu lina mikunjo kama ngozi ya kiwiko, na rangi yake ni kijivu kilichochanganyika na wekundu hafifu ambao hauonekani ukiwa mbali. Tafuta makovu ya mahali watu walipobandua gome, au vigingi vilivyopigiliwa na warina asali ili kupanda juu. Kisha tazama buyu lenyewe likiwa bado tawini: ganda lake limefunikwa na vinyweleo laini vya rangi ya kijani iliyofifia, na ukisimama buyu likiwa kati yako na jua la asubuhi, vinyweleo hivyo hung'aa na kulizungushia buyu mstari mwembamba wa mwanga. Ili picha hiyo ifanikiwe, gusa buyu kwenye kioo cha simu na ushikilie kidole mpaka simu ifunge shabaha (mahali picha inapokuwa kali) na mwanga, halafu telezesha kidole chini kidogo kupunguza mwangaza, kwa sababu simu ikiachiwa iamue yenyewe itaiangaza picha mno na mstari ule utapotea. Usikuze kwa vidole viwili. Ukuzaji huo kwa kawaida ni kukata picha tu na hupunguza ubora. Sogea kwa miguu, au tumia lenzi ya pili kama simu yako inayo.

Asubuhi kwenye majabali

Miamba ya granaiti inayouzunguka mji ni mahali pazuri pa kumtafuta pimbi. Mnyama huyu hawezi kudhibiti joto la mwili wake vizuri kama mamalia wengine, kwa hiyo asubuhi ya baridi hutoka pangoni na kulala juu ya jiwe linaloelekea jua, mara nyingi wakiwa wengi wamebanana. Hapo ndipo kipupwe kinapomsaidia mpiga picha: siku za joto pimbi hujificha mapema, lakini asubuhi ya Julai hukaa nje kwa muda mrefu akiota jua. Fika kabla jua halijagonga jiwe, kaa chini, na usubiri. Ukimwendea moja kwa moja, mmoja wao atapiga kelele na wote watatoweka ndani ya nyufa. Ukiwa umeshakaa wanapotoka, watakuzoea. Kwa kamera yenye lenzi ndefu tumia kasi ya shata (kilango kinachoruhusu mwanga kuingia kamerani) isiyopungua 1/500 ya sekunde, na elekeza shabaha kwenye jicho. Kwa simu, usilazimishe picha ya sura. Piga jabali lote na pimbi wakiwa wadogo juu yake, kwa kuwa picha inayoonyesha mnyama katika makazi yake humwelewesha rafiki mambo mengi kuliko sura iliyokuzwa hadi ikachakaa.

Upepo na vumbi ndio adui wa vifaa katika msimu huu. Punje za vumbi la Dodoma ni ngumu, na ukifuta lenzi kwa kitambaa kikavu zikiwa bado juu yake, unakuwa unaikwaruza. Anza kwa kupuliza kwa kipulizio cha mpira au kupangusa kwa brashi laini, ndipo ufute kwa kitambaa maalumu. Mwenye kamera ya kubadilisha lenzi asiibadilishie uwanjani upepo unapovuma. Afunge lenzi anayoihitaji akiwa nyumbani na avumilie nayo siku hiyo. Mfuko wa nailoni wa kawaida uliofungwa vizuri unatosha kuhifadhi simu au kamera ukiwa juu ya bodaboda. Kinyamkera kikitokea uwanjani, nguzo ile ya vumbi inayozunguka ina thamani kubwa kwa picha, lakini ipige ukiwa mbali na upande ambao hakielekei, kwa kasi ya 1/1000 ili majani yanayoruka yaonekane yamesimama angani.

Ndege na maji

Kadiri ukame unavyoendelea, maji hupungua na ndege hukusanyika palipobaki. Bwawa la Hombolo, kiasi cha kilomita 40 kaskazini mashariki mwa mji, ni mahali rahisi kufika, na huko pia kuna mashamba ya zabibu ambayo mavuno yake ya pili ya mwaka huangukia Agosti na Septemba. Yangeyange utawaona hata kabla ya kufika bwawani, wakifuata ng'ombe ili kula wadudu wanaoruka nyasi zikikanyagwa. Huyu ni ndege mweupe juu ya ardhi nyekundu, na kamera nyingi hukosea kwa kumwangaza mno mpaka manyoya yake yanakuwa doa jeupe lisilo na umbo. Punguza mwangaza hatua moja hadi manyoya yaonekane.

Wapo ndege wawili ambao ningependa kila mtu wa Kanda ya Kati awajue na kuwatambulisha kwa marafiki zake. Wa kwanza ni kwezi wa kijivu mwenye mkia mrefu na jicho la manjano iliyopauka, ambaye hapatikani nchi nyingine yoyote isipokuwa Tanzania. Hana rangi za kumetameta kama kwezi wengine, na kwa sababu hiyo watu humpuuza. Wa pili ni kasuku mdogo mwenye shingo ya manjano na kichwa cheusi, ambaye asili yake ni Tanzania ya kati na huonekana kwenye mibuyu. Watu wa Ulaya na Marekani wengi wanamjua ndege huyu akiwa kwenye tundu dukani. Picha yake akiwa huru kwenye tundu la mbuyu wa Dodoma ni zawadi ambayo wewe unaweza kuitoa na wao hawawezi kuinunua.

Ukiwa na rafiki wa Ulaya, mweleze pia wasiokuwepo. Mbayuwayu wanaojaa kwenye nyaya zetu wakati wa mvua hutoka kwao kuanzia Septemba na kurudi kwao kuzaliana tunapoelekea kipupwe. Mwezi Julai waliopo wako juu ya paa la rafiki yako, hivyo muombe yeye akutumie picha.

Usiku wa kipupwe haupaswi kupita bure. Mawingu huwa machache, na kati ya Juni na Agosti sehemu angavu zaidi ya Njia ya Maziwa, ule ukanda mweupe wa nyota nyingi, hupita juu sana angani kwetu, wakati marafiki wa kaskazini mwa Ulaya huiona ikiwa chini karibu na upeo au hawaioni kabisa. Toka nje ya mwanga wa mji katika siku za mwezi mwandamo ukiwa na mwenzako, weka simu juu ya jiwe au tripodi, chagua hali ya usiku, na weka saa ya kuchelewesha ya sekunde tatu ili kidole kisiitikise. Kwa kamera yenye lenzi ya milimita 18 hivi, anza na sekunde 15, tundu la lenzi la 2.8 au lililo karibu na hapo, na ISO (kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ya 3200. Wakati wa alfajiri ya Julai unaweza kukiona kilimia upande wa kaskazini mashariki, lile kundi dogo la nyota ambalo wakulima wamelitumia tangu zamani kuhesabia misimu.

Watu, kazi na baridi ya nyumbani

Picha za asili pekee haziwezi kumweleza mtu kipupwe. Muonyeshe watu wakipura mtama uwanjani, mbegu za alizeti zikiwa zimeanikwa juu ya turubai, paa bapa la tembe likiwa na mlenda unaokauka, mama anayeuza uji wa uwele stendi huku mvuke ukipanda, na mlinzi wa usiku aliyejifunika shuka hadi masikioni. Mvuke wa uji au wa chai hautaonekana ukiupiga jua likiwa nyuma yako. Upige kutoka upande wa pili, na nyuma yake pawe na giza, kama mlango wa kibanda ulio wazi.

Kwa watu, salamu hutangulia kamera. Simu ikae mfukoni mpaka mmesalimiana na umesema unachotaka. Mazungumzo huwa hivi:

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo?"

"Sijambo, babu. Poleni na kazi. Ninaomba kupiga picha mnavyopura mtama. Nina rafiki yuko nchi ya mbali, mtama hajawahi kuuona."

"Piga tu. Ila na sisi utuletee."

Vijijini ukianza kwa mbukwenyi, salamu ya Wagogo, utapokelewa kwa uchangamfu zaidi. Akikataa mtu, mshukuru na uendelee na safari yako. Usijifanye unapiga mti huku umemlenga yeye. Watoto usiwapige bila mzazi au mlezi kuridhia, na sura zao zisipelekwe kwa watu usiowajua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa zinazohusu watoto katika kundi la taarifa nyeti, na hata kama isingekuwepo, heshima ingetosha. Usielekeze kamera kwenye kambi za jeshi, Ikulu ya Chamwino au majengo ya ulinzi. Ndege zisizo na rubani zinahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga kabla hazijarushwa.

Ukienda Kolo, wilayani Kondoa, kwenye michoro ya miambani iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, jiandikishe ofisini na uende na mwongozaji. Usiwashe flashi, usiguse ukuta, na kamwe usimwagie mchoro maji ili rangi iive mbele ya kamera, kwani maji hayo huiharibu rangi iliyodumu karne nyingi. Michoro iko kivulini, kwa hiyo egemeza mkono kwenye goti na upige kwa utulivu. Mwanga unaorudi kutoka kwenye mawe ya nje unatosha.

Neno moja kuhusu picha za jikoni usiku. Jiko la mkaa linalowaka hutoa rangi nzuri sana usoni mwa mtu, na mwanga huo unavutia kupigwa. Hakikisha mlango au dirisha liko wazi muda wote, na baada ya picha jiko litolewe nje. Gesi ya kaboni monoksidi haina harufu, na kila msimu wa baridi inaua watu wanaolala na jiko ndani ya chumba kilichofungwa.

Maneno yanayoambatana na picha

Picha isiyo na maelezo humlazimisha rafiki akisie, naye atakisia kwa kutumia yale aliyoyaona kwenye filamu. Andika mahali, tarehe, saa, na jambo moja ambalo picha haiwezi kulionyesha: harufu, sauti, baridi, au kilichotokea baadaye. Nikitumia picha ya mbuyu, huandika kwa mfano: "Mbuyu wa Makutupora, 12 Julai, saa 1 asubuhi. Upepo mkali umeangusha mabuyu matatu usiku. Watoto wameshayapasua na wanafyonza unga wake wakienda shule." Maelezo hayo ni mafupi, lakini yanampa mpokeaji maswali matatu ya kuuliza, na urafiki wa mtandaoni huishi kwa maswali.

Ukiandikia wageni, taja saa kwa mfumo wa saa 24 na useme ni saa za Afrika Mashariki, kwa maana saa 1 yetu ya asubuhi ni saa 7 yao na miadi mingi huvunjika hapo. Finland wakati wa kiangazi chao wako saa sawa na sisi. Ujerumani na Norwe wako nyuma yetu kwa saa moja kiangazi na saa mbili majira ya baridi.

Mwalike rafiki naye akutumie msimu wake kwa utaratibu huo huo. Tunapokuwa kwenye mvua za Desemba na Januari, mtu wa Tromsø, kaskazini mwa Norwe, haoni jua likichomoza kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari, na picha zake za saa sita mchana zina rangi ya buluu ya machweo. Rafiki wa Lesotho ana kipupwe wakati mmoja nawe, ila kwake theluji huanguka milimani. Wote wawili wana tatizo la kamera linalofanana na letu la yangeyange, lakini kinyume chake: theluji ikijaza fremu nzima, kamera huidhani ni mwanga mwingi, huipunguza, na theluji hutoka kijivu, kwa hiyo wao huongeza mwangaza hatua moja au zaidi. Wanajua pia kwamba kamera iliyotoka kwenye baridi kali ikiingizwa ghafla ndani ya nyumba yenye joto hupata umande, na huifunga kwanza kwenye mfuko. Kubadilishana maarifa ya namna hii ni mazungumzo ya kweli, kwa sababu kila mmoja ana kitu cha kufundisha.

Kutuma kwa usalama

WhatsApp hupunguza ukubwa wa picha zinazotumwa kwa njia ya kawaida, jambo linalookoa bando lakini hupoteza vinyweleo vya buyu ulivyovihangaikia. Picha muhimu itume kama hati, nayo itafika ikiwa kamili. Tahadhari ni kwamba faili kamili hubeba pia taarifa zilizofichika, zikiwemo siku, saa na mahali hasa picha ilipopigwa kama simu ilikuwa imeruhusiwa kurekodi mahali. Zima ruhusa hiyo kwenye mipangilio ya kamera kabla ya kupiga nyumbani kwako, kiota, pango la wanyama au mahali panapowindwa kwa siri. Kwa kasuku wale wadogo, ambao hukamatwa kwa ajili ya biashara, taja wilaya tu na usitaje mti.

Kuhusu urafiki wenyewe, ninaamini marafiki wazuri wa mtandaoni hupatikana kwa kuvutiwa na kitu kimoja. Jukwaa la iNaturalist, ambalo watu hupeleka picha za viumbe na wengine wakasaidia kuvitambua, ni mlango mzuri kwa sababu mazungumzo huanza na ndege au mti, na huficha mahali halisi pa viumbe walio hatarini. Mpe mtu muda. Zungumzeni hadharani kwenye picha kwa wiki kadhaa kabla ya kupeana namba, na kabla ya kumwamini kwa mambo binafsi, ongeeni kwa video. Mtu ambaye kila siku ana sababu ya kutoonekana, na picha zake zikitafutwa mtandaoni zinaonekana kwa majina mengine, huyo achana naye.

Fedha zisiingie kabisa. Anayesema amekutumia kamera kama zawadi na sasa mzigo umekwama forodhani ukisubiri ulipie ada ni tapeli, hata akiwa ameongea nawe kwa upole kwa miezi mingi. Wewe pia usimgeuze rafiki kuwa mfadhili. Ombi la pesa likishaingia, kila picha ya nyumba yako itasomwa kama sehemu ya ombi hilo. Akihitaji mtu kutumia picha yako kwenye kalenda au tangazo, sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inakutambua wewe mpigaji kuwa mwenye haki, na ni sawa kabisa kumjibu kwa adabu kwamba mtakubaliana kwa maandishi kwanza.

Rafiki akinyamaza kwa muda, mtumie picha ya mbuyu ya wiki hiyo na mstari mmoja, bila lawama. Giza la majira ya baridi ya kaskazini huwaelemea watu wengi, na kuna siku ambazo mtu hana nguvu ya kujibu lakini anafurahi kuona mti aliouzoea bado upo.

Hifadhi picha zako sehemu mbili, simu ikiwa moja na kadi ya kumbukumbu au kompyuta ikiwa ya pili, kwa kuwa simu huibiwa na huanguka. Yape mafaili majina yanayoanza na mwaka, mwezi na siku, kwa mfano 2025-07-12-mbuyu, nayo yatajipanga yenyewe kwa mfuatano. Kisha chapisha chache studio, zikiwemo zile za waliokuruhusu uwapige, uandike nyuma kwa penseli mahali na tarehe, kwa sababu wino wa kalamu hupenya au huchafua picha iliyowekwa juu yake, na uzipeleke kwa wenyewe kabla mvua hazijaanza na njia za vijijini kuharibika.